Wanawake Walimu wa Imani ya Kikristo Katika Afrika ya Mashariki

Mwanafunzi wa historia akifungua kitabu kinachoeleza jinsi Ukristo ulivyoingia katika nchi zetu, aghalabu atakutana na majina ya wanaume. Atasoma habari za Krapf na Rebmann, za Askofu Tozer na Askofu Steere, na za Padre Horner. Kama kitabu ni kizuri zaidi, atasoma pia habari za Waafrika wenyewe, kama vile John Swedi na Cecil Majaliwa. Wote hao walistahili kuandikwa. Lakini mwanafunzi huyo akiinua macho kitabuni na kutazama kanisa lolote siku ya Jumapili, mjini au shamba, ataona kwamba walio wengi ni wanawake. Akiuliza ni nani aliyemfundisha mtoto sala yake ya kwanza, ataambiwa ni mama, au bibi, au sista, au mke wa mwalimu. Basi pana pengo kati ya kitabu na maisha.

Makala haya yanajaribu kuliziba pengo hilo kwa kiasi kidogo. Nitaonyesha mambo matatu. Kwanza, ualimu wa mwanamke haukuwa kitu kigeni katika utamaduni wetu. Pili, makanisa yaliutumia ualimu huo tangu mwanzo, lakini yalichelewa sana kuupa cheo. Tatu, cheo kilipokuja kutolewa, hakikuzusha kazi mpya, bali kiliitambua kazi iliyokwisha kufanywa.

Kitabu chenye sauti mbili

Wamisheni walikuja na kitabu, na kitabu hicho, juu ya jambo hili, kina sauti mbili. Upande mmoja yumo Mariamu Magdalene, ambaye Injili ya Yohana yaeleza kwamba ndiye aliyetumwa kuwapasha wanafunzi habari za ufufuo. Wamo binti wanne wa Filipo waliokuwa wakitabiri. Yumo Prisila, ambaye yeye na mumewe Akila walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Yumo pia Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ambaye Paulo amtaja kwa heshima mwishoni mwa waraka wake kwa Warumi.

Upande wa pili, waraka wa kwanza kwa Wakorintho wataka wanawake wanyamaze katika kusanyiko, na waraka wa kwanza kwa Timotheo wamkataza mwanamke kumfundisha mwanamume. Wanazuoni wa dini wamebishana karne nyingi juu ya namna ya kuzipatanisha sauti hizo, nami sina nia ya kuamua ugomvi wao. Kwa mwanahistoria lililo muhimu ni hili: sauti zote mbili zilifika Afrika katika sanduku moja. Kila mara kazi ilipozidi watenda kazi, sauti ya kwanza ilisikika. Kazi ilipopata watu wa kutosha, sauti ya pili ilirudi.

Kungwi na somo

Tusifikiri kwamba mwanamke wa Afrika ya Mashariki alianza kufundisha siku alipofika mmisheni. Kwa watu wa pwani, msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi, au kwa somo wake, amfunze adabu, usafi, mambo ya ndoa na wajibu wake kwa wakubwa. Huko bara nako palikuwa na unyago wa namna nyingi, na mwenye mamlaka ndani ya unyago alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye neno lake halikupingwa na mwanamume yeyote, hata awe mume wake.

Yafaa tulitazame neno somo kwa makini. Kwa maana moja ni mwanamke mfunzi wa mwari. Kwa maana nyingine ni lile jambo lifundishwalo. Kanisani, somo ni sehemu ya Maandiko isomwayo mbele ya watu. Lugha imeyaweka pamoja mafundisho na mfundishaji, na huyo mfundishaji ni mwanamke.

Wala ualimu huo haukuishia katika mambo ya nyumbani. Mwana Kupona binti Mshamu, Mwislamu wa Pate, alimtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, akimfundisha wajibu wake kwa Mungu na kwa watu. Hadi leo twausoma utendi huo kama moja ya tungo kuu za Kiswahili. Namtaja hapa ili ionekane kwamba mwanamke kufundisha dini kwa ufasaha lilikuwa jambo lililojulikana pwani hata kabla misheni hazijajenga shule zao.

Hata hivyo ualimu huo ulikuwa na mpaka. Kungwi aliwafundisha wanawake, na mafundisho yake yalikaa nyuma ya pazia. Mpaka huo ndio walioukuta wamisheni, nao uliwafaa sana, kwani walikuwa na mpaka wao wenyewe uliofanana nao.

Masista wa Unguja

Mwezi wa Desemba mwaka 1860 kundi la Wakatoliki likiongozwa na Padre Fava lilifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Pamoja na mapadre walikuwamo masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, nalo liliwapokea wanawake wa kila rangi, hata waliokuwa watumwa. Hivyo walimu hao wanawake walitoka katika shirika lililoujua utumwa kwa karibu, wakaja katika mji ambao bado ulikuwa na soko la watumwa.

Mmoja wa watoto waliowalea ni Swema, msichana wa Kiyao. Habari zake zimetufikia kwa sababu Padre Horner aliziandika. Alichukuliwa utumwani kwa ajili ya deni la mama yake. Mama huyo alikataa kuachana na mwanawe, akaufuata msafara kwa hiari yake, akafia njiani. Swema alifika Unguja hali yake mahututi, akadhaniwa amekufa, akazikwa. Mpita njia alimfukua akiwa hai, akampeleka kwa masista. Baadaye, kwa maelezo ya padre huyo, alimwuguza kwa mikono yake mtu mmoja wa msafara ule ule uliomtesa.

Habari hiyo iliandikwa na mwanamume, kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya, na msomaji wa leo hana budi kukumbuka hivyo. Lakini hata tukiondoa mapambo yote, linabaki jambo moja: somo gumu kuliko yote ya Ukristo, yaani kumsamehe adui, lilifundishwa Unguja na mtoto wa kike aliyekombolewa.

Mbweni

Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa jina la UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864. Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mwaka uliofuata wakaja wasichana, na dada yake Askofu Tozer, Helen Tozer, akaanza kuwafundisha. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji. Hapo pakajengwa kijiji cha watu walioachwa huru, na shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Wavulana walisoma Kiungani.

Mwaka 1877 alifika Caroline Thackeray, akaishika shule ya Mbweni kwa robo ya karne. Alipoacha kazi hiyo hakurudi kwao. Alikaa Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926, akazikwa huko huko. Wasichana wake walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wa makabila mengine, kila mmoja na lugha yake aliyonyang'anywa pamoja na ukoo wake. Mbweni walifundishwa kusoma na kuandika, hesabu, Maandiko, nyimbo na kushona, na lugha ya mafundisho ilikuwa Kiswahili.

Shule hiyo ilikuwa na kasoro zake, na si haki kuzificha. Wasichana waligawanywa. Walioonekana wepesi wa kitabu waliandaliwa kuwa walimu. Waliobaki walipelekwa kwenye kazi za mikono, kufua, kupika na kushona. Hata wale walioandaliwa kuwa walimu walitazamwa kwanza kama wake wa baadaye wa vijana wa Kiungani, kwa kuwa mwalimu wa bara alihitaji mke aliyesoma. Aghalabu jina la mume ndilo lililoingia katika orodha ya walimu. Jina la mke liliandikwa katika daftari ya ndoa.

Lakini tazama yaliyotokea. Mwalimu wa Kiungani alipopelekwa bara, misheni ilipata walimu wawili. Mume alifundisha wavulana na kuongoza sala. Mke alikusanya wasichana na wanawake, akawafundisha katekisimu, kusoma na kushona, na kuwaandaa kwa ubatizo. Mwaka 1876 Steere alipowaongoza watu waliokombolewa mpaka Masasi, walikuwamo wanaume na wanawake. Hao walikwenda na Kiswahili chao. Wengi twajua kwamba Kiswahili kilifika bara kwa misafara ya biashara, na kwa serikali ya Wajerumani baadaye. Yatupasa tuongeze kwamba kilifika pia katika vinywa vya akina mama waliosoma Mbweni, wakiimba tenzi za kanisa huku wakiwabembeleza watoto wao.

Unyago wa Masasi

Huko kusini ndiko kungwi na mwalimu wa dini walipokutana. Wamisheni wengi waliupiga vita unyago. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alifikiri vingine. Mnamo mwaka 1913, akiwa padre, alianza kuongoza jando la Kikristo, ambamo mila iliyofaa ilihifadhiwa na iliyopingana na imani iliachwa. Kwa jando alikuwa na mapadre na walimu wa kiume. Lakini unyago wa wasichana je? Hapo hakuna padre aliyeweza kuingia, wala askofu mwenyewe.

Kwa hiyo kazi iliangukia mikononi mwa wanawake Wakristo wa makabila ya huko. Wao ndio walioijua mila kwa ndani, na ndio walioweza kupima lipi libaki na lipi liondoke. Kwa Wayao, kwa mfano, palikuwa na litiwo, sherehe ya mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya jando, na haikukosa mabishano. Lakini anayechagua mafundisho ya kuhifadhi na ya kuacha hawezi kuitwa msaidizi tu. Huyo ni mwalimu mwenye mamlaka, ingawa katika vyeo vya kanisa hakuwa na nafasi yoyote.

Wasomaji wa Buganda

Tukivuka Ziwa Nyanza twakuta mambo yaliyofanana. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, na vitabu walivyoanza navyo vilikuwa vya Kiswahili. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, wala hawakusalimika na mateso ya wakati wa Kabaka Mwanga. Mwezi wa Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana walipouawa, Sarah Nalwanga alikuwa amekamatwa pamoja nao, na mtoto wake mchanga mgongoni. Clara Nalumansi, binti wa Kabaka Mutesa, aliolewa kwa ndoa ya Kikristo ingawa mila ilikataza binti wa Kabaka kuolewa. Aliuawa mwaka 1888.

Mwaka 1886 Noe Mawaggali aliuawa Mityana. Dada yake, Munaku, alishikwa mateka, na aliyemshika alitaka kumfanya mke. Msichana huyo alikataa. Padre Lourdel alimkomboa, akabatizwa Maria Matilda, akaamua kuishi bila kuolewa na kuitumikia dini. Hakuwa na mfano wa Kiafrika wa kuufuata. Yeye ndiye aliyekuwa mfano. Wasichana wengine walimfuata, na mwaka 1910 huko Villa Maria masista wa Kiganda, Bannabikira, waliweka nadhiri zao za kwanza.

Masista wa kwetu

Jambo hilo lilienea. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha Unguja shirika la masista wa Kianglikana waliofanya kazi Magila na Korogwe. Mwaka 1931 likaanzishwa Shirika la Mama Yetu wa Kilimanjaro huko Huruma, na mwaka 1938 shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, ambalo makao yake ni Chipole.

Wanafunzi wa leo waweza kudhani kwamba kuingia utawani kulikuwa njia rahisi. Sivyo. Kwa wazazi wengi binti aliyekataa kuolewa alikuwa hasara ya mahari na hasara ya ukoo, na watu walisema kwamba atakufa bila kuacha jina. Msichana aliyeshika njia hiyo alihitaji ujasiri wa kupingana na baba yake na, mara nyingine, kumkimbia. Aliyevumilia alijifunza ualimu, uuguzi, ukulima na uendeshaji wa mali ya jumuiya. Alichagua viongozi wake kwa kura katika nchi ambayo bado ilitawaliwa na wageni, na ambamo hata wanaume hawakuwa na kura. Shule za misheni zilipochukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969, baadhi ya masista waliendelea kufundisha humo, nao waliwafundisha watoto wa dini zote.

Kwa upande wa Waprotestanti, mlango mwingine ulifunguliwa na Uamsho. Uamsho huo ulitoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Bukoba. Katika mikutano yake kila aliyeokoka alisimama kushuhudia, mwanamume au mwanamke, msomi au asiyejua herufi. Mke aliweza kuyasema makosa yake na ya nyumba yake mbele ya wote, na mume akasikiliza. Si wote waliopendezwa. Lakini tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba sauti ya mwanamke haijapata kusikika kanisani.

Suala la cheo

Sasa twafikia suala lililoleta mabishano makali zaidi, yaani upadre na uchungaji. Mfano wa kwanza kwa Waanglikana ulitoka Asia. Mwaka 1944, vita vilipozuia mapadre kufika Macau, Askofu wa Hong Kong alimpa upadre Florence Li Tim-Oi, aliyekuwa shemasi huko. Vita vilipokwisha, aliambiwa kuwa haikuwa halali, naye mwaka 1946 akaacha kuutumia upadre huo ili kuepusha fitina. Hapa zile sauti mbili nilizotaja zasikika waziwazi.

Huku kwetu, mwaka 1982 Nyambura Njoroge alipewa uchungaji katika Kanisa la Presbiteri la Kenya. Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimpa upadre Lucia Okuthe, na mwaka huo huo Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwapa upadre wanawake watatu. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania uliridhia uchungaji wa wanawake mwaka 1990, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana la Kenya lilipata maaskofu wanawake: Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno, askofu wa Butere.

Kanisa Katoliki limeshika njia yake. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza kupewa jina hilo. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Jina la mwalimu limetolewa, na madhabahu imebaki kwa wanaume. Makanisa mengine pia hayajakubali, nayo yana hoja zao katika Maandiko na mapokeo. Mwanahistoria hana budi kuzieleza hoja hizo kwa haki.

Iko hoja moja, hata hivyo, ambayo historia yaweza kuijibu. Wako wasemao kwamba uongozi wa wanawake kanisani ni jambo la kuigwa kutoka Ulaya. Na tutazame miaka. Kanisa la Uingereza, lililowaleta Waanglikana Afrika ya Mashariki, liliwapa wanawake upadre kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Kenya na Uganda zilikwisha kufanya hivyo miaka kumi na mmoja nyuma. Mtoto hawezi kuiga tendo ambalo mzazi hajalitenda. Na mwaka 1989, wanatheolojia wanawake wa Afrika walipokutana Accra wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, walikusudia kuandika theolojia itokayo katika maisha yao wenyewe.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Tumeona, basi, mstari mmoja unaokwenda tangu kungwi wa unyago mpaka mke wa mwalimu wa Mbweni, tangu Munaku mpaka sista wa Chipole, na tangu mshuhudiaji wa Bukoba mpaka mchungaji aliyebarikiwa. Mstari huo haukunyoka. Mara nyingi mwanamke alipewa kazi bila cheo, na mara nyingine alinyang'anywa cheo alichokwisha pewa. Lakini kazi yenyewe haikukatika.

Sehemu kubwa ya historia hii bado haijaandikwa. Imo katika madaftari ya ubatizo na ya ndoa ya parokia zetu kongwe, katika makaburi yenye majina yanayofutika, na katika kumbukumbu za wazee. Mwalimu wa historia aweza kuwatuma wanafunzi wake wakaulize, kila mmoja kijijini kwake: ni mwanamke gani wa kwanza kusoma hapa? Alifunzwa na nani? Aliwafundisha akina nani? Wayaandike majibu pamoja na majina na miaka, kwa Kiswahili safi, na kuyahifadhi katika maktaba ya shule. Wafanye hivyo kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa maana mwalimu wa madarasa wa kike naye amesahauliwa vile vile. Wazee wanaoyajua majibu hayo hawapo nasi milele, na kila mwaka unaopita bila kuulizwa hupunguza idadi yao.